Mchaga Aliyeburutwa na Lifti

Nilikuwa nimeshaonywa nisikae. Mwalimu wa kuteleza kwenye theluji alirudia mara tatu, huku akijipiga mapaja: usikae, simama tu, iache ikusukume. Lakini mtu ukiletewa kitu nyuma ya makalio, unakaa. Nikakaa.

Lifti yenyewe si ile ya ghorofani. Ni kamba ya chuma inayozunguka juu ya nguzo, imening'iniza fimbo zenye umbo la nanga. Unasimama na mbao zako miguuni, nanga inakufuata kwa nyuma, unaiegemeza chini ya makalio, nayo inakuvuta hadi juu ya mteremko. Mimi nilipokaa, kamba yake ilirefuka kama mpira wa manati, nikashuka nayo mpaka chini, kisha ikanirusha. Mbao moja ikaelekea Italia, nyingine ikabaki Uswisi. Mwenye akili angeachia. Mimi niliing'ang'ania ile fimbo kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa nimeilipia, nikaburutwa kifudifudi kama gunia la kahawa, theluji inaingia shingoni na kutokea kiunoni, hadi kijana wa mitambo alipobonyeza kitufe na mstari mzima ukasimama.

Nyuma yangu kulikuwa na darasa la chekechea. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma. Nilipotambaa pembeni lifti ikaanza tena, na mtoto mmoja mwenye kofia ngumu ya waridi, labda wa miaka minne, alipofika usawa wangu akanigeukia na kuniambia neno moja: "Pizza."

Alikuwa ananisaidia. Ndivyo wanavyofundishwa: ukitaka kupunguza mwendo, kutanisha ncha za mbao mbele na kutanua nyuma, zikae kama kipande cha pizza. Ukitaka kukimbia, zinyooshe sambamba kama chipsi. Asubuhi nzima nilikuwa chipsi bila kupenda.

Hayo yalitokea karibu na Pontresina, milimani Uswisi, mwezi wa Februari. Dada yangu anaishi Zürich, na kwa miaka tisa amekuwa akiniambia, "Mdogo wangu, njoo uone theluji." Kila mara nilimjibu kwamba nimezaliwa Machame, theluji naiona nikiwa napiga mswaki. "Umeiona," alisema, "hujaigusa." Hapo sikuwa na jibu.

Watu husema Wachaga tunapenda hela. Kwa safari hii sikulisafisha jina letu hata kidogo. Kukodi viatu, hela. Kukodi mbao, hela. Kupanda lifti iliyonidhalilisha, hela. Chooni stesheni, hela. Mchana niliagiza supu ya shayiri, nzito kama mtori, tamu kweli, faranga 16. Nikapiga hesabu pale pale mezani: karibu shilingi elfu hamsini. Dada akaninyang'anya simu. "Ukibadilisha kila kitu kuwa shilingi utakufa njaa."

Treni nayo ina kesi yake. Dada alinikatia nafasi kwenye treni ya watalii, ile yenye vioo vinavyopanda mpaka darini, na nafasi hiyo unailipia nyongeza juu ya tiketi. Vioo havifunguki. Picha zangu zote za milima zimetoka na sura yangu ndani yake, mdomo wazi. Kesho yake ndipo nikagundua kwamba kwenye reli hiyohiyo hupita treni ya kawaida karibu kila saa, bila nyongeza, na baadhi ya madirisha yake yanashuka.

Lakini reli yenyewe sina ubishi nayo. Kutoka Thusis hadi Tirano ni kilomita 122, madaraja 196, mahandaki 55, na tangu 2008 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upande wa mlima Bernina inapanda hadi mita 70 kwa kila mita 1,000, bila reli ya meno, bila mnyororo, inajizungusha tu mlimani kama mzee anayejua njia. Ilikamilika 1910. Mwaka uliofuata reli ya kutoka Tanga ilifika kwetu Moshi. Ni rika moja, ila yetu ilikuja kukaa miaka mingi bila treni ya abiria, mpaka Desemba 2019.

Kituo cha juu kabisa, Ospizio Bernina, kiko mita 2,253. Abiria walisimama kupiga picha ziwa lililoganda. Hakuna mti, hakuna kichaka, weupe unaoumiza macho. Nikawaza kwamba kwetu, kwenye kimo hicho, ungekuwa umepita geti la Marangu na hujafika Mandara, kambi ya kwanza ya wapanda mlima. Bado uko msituni, mbega wanarukaruka juu yako, unatokwa jasho. Sikuona maana ya kumweleza Mjapani niliyekaa naye. Tulifika Tirano, upande wa Italia, dada akanywa kahawa ya bei ya kibinadamu, tukarudi.

Siku mbili zilizofuata nililala. Mapaja yalikataa ngazi.

Siku ya mwisho tulishuka kwenye kituo cha Morteratsch, tukatembea kwenda kwenye barafu ya mlima. Njiani kuna vibao vya miaka: hapa ndipo barafu ilipokuwa ikiishia mwaka fulani. Unapita kibao, unatembea, kibao kingine, unatembea tena. Barafu haionekani inakaribia. Dada aliyekuwa anaongea tangu Zürich akanyamaza. Mama yetu husema Kibo ya utotoni mwake ilikuwa imevaa kanzu, sasa imebaki na kibandiko, nasi tulizoea kumcheka.

Tulimpigia simu ya video kutoka palepale, nikamwonyesha theluji kiganjani, nikamsimulia na lifti. Alisikiliza yote.

"Kwa hiyo mnalipa hela ili muanguke?"

"Ndiyo, mama."

"Mkimaliza mrudi ndani, kuna baridi."

Kurudi nilipanda treni ya kawaida. Tulipokaribia daraja la Landwasser, mita 65 juu ya bonde, mahali reli inapotoka moja kwa moja kwenye tundu la mwamba na kupinda, nilishusha dirisha na kutoa kichwa. Bibi mmoja mwenye mbwa akanigusa bega, akaonyesha shingo yake. Nikamwomba dakika moja.