Siku moja maishani mwangu: fundi wa sanamu za skrepa

Nikisema natengeneza sanamu za vyuma chakavu, swali la kwanza huwa "za mnyama gani?" Hakuna mnyama. Nafanya sanaa dhahania, yaani nacheza na umbo, uzito na uwazi unaobaki katikati ya vyuma, na wengi wanaona hiyo ni kulundika takataka halafu kuipa jina. Basi twendeni na siku yangu ya jana.

Saa 12 asubuhi nipo karakana nachambua mzigo. Grisi inafutwa, kutu inasuguliwa na brashi ya waya, sumaku inanionyesha kipi chuma kipi aluminiamu. Bomba lililopakwa zinki naliweka mbali, ukilichomelea bila kulikwangua ule moshi mweupe unakulaza na homa usiku kucha. Mtungi uliozibwa siugusi, nisichojua kilibeba nini hakiingii kwenye moto wangu.

Saa 2 mpaka saa 4 ni grenda tu, kukata na kulainisha kingo.

Saa 4 ndo kazi inaanza, na mtu akichungulia atasema nimesimama bure. Nina konrodi ya injini kubwa, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, gia iliyopoteza meno matatu na jani la springi ya lori lililopinda vizuri mno. Konrodi ikisimama wima ni spea tu, kila mtu ataijua. Nikiilaza kidogo juu ya mgongo wa springi, tundu lake kubwa likatazama juu, inaacha kuwa spea. Narudi nyuma hatua tano, naangalia, naigeuza kidogo, narudi tena. Nikiridhika napiga nukta mbili za weldingi, ndogo kama punje, kwa sababu nukta unaweza kuivunja kwa nyundo ukibadili mawazo, lakini ukishajaza mshono ndo basi. Na springi ina kaboni nyingi, lazima uipashe moto kwanza halafu uifukie kwenye mchanga mkavu ipoe taratibu, la sivyo unasikia "tik" na ufa umeshatembea pembeni ya mshono. Ile tik inauma, siku nzima ya kazi inaondoka nayo.

Saa 6 akaja mteja. Huyu alishaona michoro, alishakubali kwamba ni dhahania, tukaelewana vizuri kabisa. Akaizunguka mara moja. "Fundi, hii ni ndege eeh?" Nikamwambia hapana bosi, ni kama tulivyokubaliana. Akaizunguka tena. "Lakini hapa ukiweka jicho inakuwa ndege, weka nati mbili tu, kazi ya dakika mbili." Nikamweleza kwamba ukishaweka jicho mtu anasema "ah, ndege" na hapohapo anaacha kuangalia, haoni tena jinsi kitu kizito kilivyokaa juu ya kitu chembamba bila kuanguka, na hicho ndo nilichokihangaikia wiki tatu. Nikamtajia mpaka David Smith, yule msanii Mmarekani wa sanamu za chuma aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha magari mwaka 1925, na mwaka 1962 kule Voltri, Italia, akaingia viwanda vilivyoachwa akatoa sanamu 27 ndani ya siku 30 kwa vyuma na zana alizozikuta. Akasikiliza vizuri tu halafu akaniuliza, "Sasa hizo za kwake zilikuwa za nini?"

Nikanyamaza. Akaendelea, mara ingepakwa rangi ya dhahabu, mara mkia, halafu akasema lile ambalo wote husema mwishoni, kwamba nimpunguzie kwa sababu chuma chenyewe ni cha kuokota. Ndugu zangu, vijiti vya kuchomelea haviokotwi. Diski za grenda haziokotwi, umeme hauokotwi, na haya macho yangu mnayoyaona mekundu pia sikuyaokota. Sikumjibu kwa hasira, nilimwonyesha mshono mmoja nimeusafisha magamba, nikamwambia pitisha kidole hapa. Akapitisha. Akasema atanipigia.

Mchana ukaniishia kwenye mshono wa chini. Nilijaza upande mmoja moja kwa moja, akili bado ipo kwa yule mteja, na chuma kikipoa kinajikunja kuelekea mshono, kwa hiyo sanamu nzima ikainama kama kidole kimoja hivi, kidogo tu, lakini juu kule ile konrodi ikatoka nje ya kitako na kila ukiiachia inataka kwenda chini. Nikakata mshono wote kwa grenda nikaanza upya, kipande huku kipande upande wa pili, nasubiri kipoe, napima kwa timazi, kipande kingine. Mikono inatetemeka, jasho linaingia machoni ndani ya helmeti na huwezi kulifuta, sikuangalia saa tena, niligundua jua limezama pale niliponyanyua helmeti nikakuta nje giza vilevile kama ndani.

Ilipopoa nikaisukuma kwa kidole pale juu kabisa. Ikayumba, ikarudi, ikatulia. Nikaisukuma kwa kiganja. Ikarudi. Jicho sijaweka. Nikazima mashine, nikafunika vyuma, nikafunga mlango.