Daktari wa jeshi akihamia kijijini: mkono wa dripu

Daktari aliyekulia jeshini akipangiwa kituo cha afya cha kata, wenzake humtambua siku ya kwanza inapoletwa ajali ya bodaboda. Hapigi kelele. Anatafuta damu inatokea wapi, na akishaiona anafunga kwanza, maswali baadaye.

Mkanda wa kukaza unakaa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe si kwenye goti au kiwiko chenyewe. Unakazwa mpaka damu ikome na mapigo ya chini yake yapotee, kisha saa inaandikwa mahali ambapo hospitali ya rufaa itaiona. Kama mkanda haupo, kitenge kilichokunjwa upana wa vidole vitatu na kijiti cha kuzungushia kinatosha. Kinachoharibu ni kamba nyembamba ya katani iliyokazwa nusunusu na wasamaria: mishipa inayorudisha damu moyoni inaziba, ile inayoileta haizibi, mguu unavuja kuliko ambavyo ungevuja bila kufungwa. Baada ya saa 2 misuli na neva huanza kudhurika, kwa hiyo gari la rufaa liitwe wakati mkanda unafungwa, si baadaye.

Hapo mwanajeshi yuko nyumbani. Shida inaanza wodi ya watoto.

Jeshini mgonjwa wake alikuwa kijana wa kilo 70 aliyepimwa afya kabla ya kuapishwa. Akipauka na mikono ikawa baridi, amemwaga damu, na mkono wa daktari unajua kufungua dripu ikimbie wakati damu ya kuongeza inatafutwa. Kijijini anayepauka na mikono baridi ni mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali. Dalili zinafanana, ugonjwa sivyo. Utafiti wa FEAST uliotolewa 2011, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri, ulikuta kwamba waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya asilimia 7.3 ya waliopewa kwa mwendo wa kawaida. Madaktari wengi hawakuamini mwanzoni, na si wa jeshi peke yao.

Mwendo wa kawaida kwa mtoto wa kilo 10 ni mililita 40 kwa saa. Kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 13 kwa dakika, yahesabiwe kwa saa ya mkononi. Usiku muuguzi ni mmoja na klipu hulegea. Dawa yake ni kumwaga maji yanayozidi kabla ya kutundika: chupa ya mililita 500 ikibaki na 160, yaani ya saa 4, hata ikikimbia yote madhara yana mpaka. Damu nayo ni hivyo hivyo. Mtoto huyo akiwa na hemoglobini, yaani wekundu wa damu, chini ya gramu 4 kwa desilita anahitaji damu nzima mililita 20 kwa kilo, yaani 200, kwa saa 3 hadi 4, na mfuko wa mtu mzima una 450.

Mtoto wa kuhara aliyekauka, macho yamezama, ngozi ikifinywa hairudi, ni habari nyingine. Huyo kweli anamiminiwa haraka. FEAST haikumhusu. Akizidi mwaka mmoja anapata mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Kuwatofautisha wawili hawa saa nane za usiku, kwa tochi ya simu, ndiyo kazi yenyewe.

Kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua mkanda hauna pa kufungwa. Oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 kwenye msuli, mji wa mimba ukandwe mpaka uwe mgumu kama mpira, kibofu kitolewe mkojo. Damu isipokoma, asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, kabla saa 3 hazijapita tangu azae. Oksitosini ikilala nje ya friji kwenye joto hupungua nguvu: kipimajoto cha friji kisomwe asubuhi na jioni, kati ya nyuzi 2 na 8, hasa umeme ukikatika.