Deni la serikali na ndege ya umma

Kila serikali yetu inapotangaza shirika jipya la ndege, mjomba wangu, aliyepakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Luano enzi za Air Zaïre, shirika la taifa wakati Kongo yetu ya Kinshasa ikiitwa Zaïre, huuliza swali moja tu: "Na deni la zamani limekwenda wapi?" Watu wa rika lake hapa Lubumbashi hawajalisahau jina la utani ambalo abiria walilipa shirika lile, Air Peut-être, yaani ndege ya labda. Lilifilisika mwaka 1995, na Lignes Aériennes Congolaises iliyolirithi nayo haikufika mbali.

Zamani nililiona swali lake kuwa manung'uniko ya mstaafu, hadi Agosti 2015, Airbus A320 ya kwanza ya Congo Airways, shirika jipya la serikali yetu, ilipozuiliwa Dublin, Ireland, kwa amri ya mahakama. Waliofungua kesi walikuwa Wamarekani waliokuwa wakiidai serikali ya Kongo. Shirika lenyewe halikuwa limekopa kwao hata senti, wala lilikuwa halijasafirisha abiria yeyote. Kosa lake lilikuwa kumilikiwa na mdaiwa. Safari zilianza Oktoba mwaka huo, lakini tangu siku ile naamini kwamba shirika la umma lililoanguka haliinuki kwa kununuliwa ndege mpya, ikiwa mfuko wake na mfuko wa serikali bado ni mmoja.

Afrika Kusini walichagua njia chungu. South African Airways iliwekwa chini ya wasimamizi wa kuiokoa isifilisike Desemba 2019, ikapunguza maelfu ya wafanyakazi na kubaki na ndege chache, kisha ikarudi angani Septemba 2021 kwa safari ya Johannesburg hadi Cape Town. Sishangilii watu kupoteza kazi, na hazina ya nchi ililipa fedha nyingi mno kabla ya hapo. Hata hivyo, kuanza upya kwa njia chache zenye abiria kuna akili kuliko kurusha ndege kwenda Ulaya kwa ajili ya heshima ya bendera.

Sisi hatuwezi kusema tu kwamba shirika life, kwa sababu kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na anayejaribu kwa treni na barabara ajiandae kwa majuma. Air Congo iliyoanza Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49, angalau ina mbia anayejua kazi na ambaye atauliza fedha zimekwenda wapi. Ningependa hesabu zake zichapishwe kila mwaka, hata zikiwa za hasara, na wizara inayotuma wajumbe wake ilipe tiketi kabla ya safari, kama anavyolipa mfanyabiashara wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia.