Siku yangu Kasese, Uganda: mpima maji kwenye shamba la bangi ya dawa

Saa 12 asubuhi. Usiku mvua imepiga milimani, Mto Nyamwamba umejaa tope. Getini afande anapekua mfuko wangu hadi kwenye kalamu. Shamba hili lina leseni, maua yetu yanakwenda nje kutengenezewa dawa.

Saa 1. Watu hudhani naogopa tope. Tope unaliona, unaliacha litulie, unalichuja. Mimi naogopa maji maangavu. Juu yetu kuna Kilembe, mgodi wa shaba uliofungwa 1982, na mabaki yake yamelala kando ya mto. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliyasomba kuyaleta huku chini. Shaba au kobalti ikishayeyuka, kichujio cha mchanga hakiisimamishi. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: maji yanapungua, madini yanabaki.

Saa 3. Nachota sampuli. Chupa ya madini naitia asidi ya nitriki kidogo, yasije yakagandia kwenye kuta zake. Ya vijidudu imetakaswa, kwa hiyo kifuniko sikiweki chini hata sekunde moja. Inaingia kwenye boksi la barafu na dereva anaondoka mbio, maana maabara inaitaka ndani ya saa 24.

Saa 5. Kijana mgeni kutoka Bwera ameshika mpira wa maji.

"Mzee, maua yana vumbi. Nisiyaoshe?"

"Hebu liguse hilo."

Kidole kikanata. Utomvu huo hushika kila kitu: tone likikauka hapo, huacha kinyesi cha ng'ombe wa huko juu na mbegu za ukungu. Mchicha utauosha na kuupika. Ua hili likikaushwa, kuna mgonjwa atakayelivuta mapafuni, na kama kinga yake imeshuka, ukungu wa Aspergillus unaweza kumuua. Ndiyo maana tunamwagilia kwa matone, chini kwenye shina.

Lakini mizizi nayo ina ulafi wake. Mwaka 1998, karibu na Chernobyl, kulikolipuka mtambo wa nyuklia, walipanda jamii ya bangi makusudi ili ifyonze sumu ardhini. Sifa njema kwa udongo ule, balaa kwangu! Na maua yakikamuliwa mafuta, baadhi ya sumu hukolea zaidi.

Saa 7. Bundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa ngege. Haraka haraka.

Saa 9. Majibu ya maabara. Nayapima kwa viwango vya WHO vya maji ya kunywa, kwa madini yenye sumu: risasi mikrogramu 10 kwa lita, aseniki 10, kadimiamu 3. Meneja anaona nazidisha. Mimi najua mnunuzi atapima ua lenyewe, na shehena ikikataliwa hatamuuliza mto.

Saa 11. Tunafungua ncha za mabomba ya matone kutoa ute uliojijenga ndani, maana vijidudu huzaliana humo hata chanzo kikiwa safi. Kisha nafunga valvu ya mto hadi tope lipite. Tutatumia tangi la maji ya mvua. Meneja ameshanipigia: maji ya tangi hayatatosha hadi Alhamisi.

Yasitoshe.