Ukuta wa Kiwanda cha Bia

Mwezi wa tatu mwaka 2023 nilikuwa nasoma shahada ya pili ya usanifu majengo Lund, kusini mwa Uswidi, na darasa letu likapangiwa safari ya mafunzo Copenhagen, kwenda kutazama majengo ambayo kila mtu wa fani yetu alikuwa akiyazungumza. Safari yenyewe si ya kutisha. Treni inatoka Lund, inapita Malmö, inapanda daraja la Øresund lenye karibu kilomita 8, inazama kwenye handaki chini ya bahari, na kabla gazeti halijaisha uko Denmark. Mwaka huo jiji hilo lilikuwa limepewa na UNESCO na Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo heshima ya kuwa Mji Mkuu wa Usanifu Majengo Duniani, kwa hiyo kila uendako unakuta kundi jingine la wanafunzi wameinua shingo juu kama nyinyi. Ramadhani nayo ndiyo kwanza ilikuwa imeingia. Begi langu lilikuwa na tende, daftari la kuchorea na chupa ya maji niliyoibeba kwa ajili ya magharibi.

Kundi letu lilikuwa la watu wa kila pembe, ila wenye Kiswahili tulikuwa wawili tu: mimi wa Unguja, na dada mmoja wa Nakuru aliyekuwa amefanya kazi ya kukadiria gharama za ujenzi kabla ya kurudi shule. Wengine walipiga picha, yeye aliuliza bei. Mwalimu wetu, Mswidi mwenye hatua ndefu, hakulipenda sana swali hilo. Yeye hesabu yake ilikuwa ya kilo. Tangu Januari 1 mwaka ule Denmark ilikuwa imeanza kuweka ukomo kwa majengo mapya yanayozidi mita za mraba 1,000: kilo 12 za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, ikihesabiwa kwa miaka 50, na ndani yake imo mpaka ile hewa iliyotoka wakati wa kuchoma tofali na kusaga saruji. Basi tukawa tunapita mitaani na kilo zetu na bei zetu.

Tulishuka kituo cha Ørestad, tukapanda Metro isiyo na dereva hadi mwisho wa njia, Vestamager. Ørestad ni mji mpya uliojengwa juu ya ardhi tambarare ya kisiwa cha Amager, na upepo wake hauna adabu. Majengo yamekaa mbalimbali, barabara pana, watu wachache. Kila jengo linataka litazamwe peke yake. Sikuupenda mji ule, na sijaupenda mpaka leo.

Lakini palepale ndipo nilipokutana na ukuta.

Ni makazi yanayoitwa Ressourcerækkerne, kazi ya ofisi ya Lendager, yaliyokamilika 2019. Ukiyatazama kwa mbali, uso wa nyumba unaonekana kama shuka la viraka: miraba ya matofali ya kama mita moja kwa mita moja, mwingine mwekundu, mwingine wa kahawia, mwingine umefifia kuelekea njano. Ukisogea unaona kwamba mistari ya matofali ya mraba mmoja haikutani na ya jirani yake. Hakuna fundi aliyepanga tofali hata moja pale. Kila mraba ni kipande cha ukuta uliokuwa umesimama mahali pengine, na vingi vilitoka kwenye majengo ya zamani ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, humo humo Copenhagen.

Mwenyeji aliyetupokea, mama mmoja Mdenishi aliyevaa koti la njano la mvua, alitueleza sababu. Zamani Wadenishi walijenga kwa chokaa. Nyumba ya chokaa ikibomolewa, matofali yanatoka moja moja, yanasafishwa, yanauzwa upya. Wakati huo kulikuwa na kampuni, Gamle Mursten, iliyokuwa ikifanya kazi hiyo tu. Lakini kuanzia miaka ya 1960 mafundi wakahamia kwenye saruji. Saruji inashika kuliko tofali lenyewe. Ukijaribu kulibandua, linapasuka tofali, kiungio kinabaki. Kwa hiyo kuta za namna hiyo mwisho wake huwa ni kusagwa na kufanywa kifusi cha chini ya barabara. Lendager wakaona, kama tofali halitoki, basi tuukate ukuta. Wakaleta misumeno, wakaukata miraba, wakaisimamisha upya Ørestad.

Wenzangu waliandika, wakapiga picha, kisha ikafika saa sita wakaenda kula kwenye 8 Tallet, lile jengo la ofisi ya usanifu ya BIG la mwaka 2010 lenye umbo la nane, ambalo unaweza kupandisha baiskeli kutoka chini mpaka ghorofa ya kumi. Mimi sikuwa na cha kwenda kula. Nikabaki na ukuta.

Kuna mambo huyaoni mpaka ukae nayo. Pembeni mwa mraba mmoja, chini kabisa karibu na mlango, tofali lilikuwa limekatwa katikati na msumeno, na uso wake wa ndani ulikuwa laini mpaka ukiupitisha kidole unahisi unapapasa sahani. Kiungio chake kilikuwa cha kijivu. Nilichukua ufunguo wa chumba changu nikakikwaruza. Hakikutoa hata vumbi. Tofali la juu yake nilipoligusa tu na ncha ya ufunguo, likaacha alama nyekundu. Basi, maelezo yote ya yule mama yalikuwa pale, upana wa kidole.

Baba yangu ni fundi wa chokaa Mji Mkongwe. Nimekua nikimwona anabomoa kuta zilizolegea: anagonga kwa nyundo ndogo, chokaa inamong'onyoka, jiwe la tumbawe linatoka zima, anakabidhi kwa kijana, kijana anapanga pembeni. Wiki haiishi jiwe lile limerudi ukutani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ule ulikuwa uhifadhi wa mazingira. Ilikuwa ni kubana matumizi, na jiwe la kuchimba upya ni kazi. Adui wake mkubwa alikuwa ni mwenye nyumba mwenye haraka, anayepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ili uonekane mpya siku ya harusi ya binti yake. Ukuta wa matumbawe unapumua. Unyevu unaingia na unataka kutoka. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, lipu inavimba, na ikianguka inaondoka na uso wa jiwe. Wakati huo harusi imeshapita na talaka pengine imeshatoka, anaitwa baba.

Dada wa Nakuru alirudi kabla ya wengine akanikuta nimebandika kiganja ukutani.

"Kaka, umefunga na unakumbatia kiwanda cha bia," akasema.

"Nimeshaswali adhuhuri, niache."

"Ulimwuliza yule mama, kukata huu ukuta kulikuwa bei gani?"

Sikuwa nimeuliza. Akanitazama vile anavyotazama wasanifu wote.

Siku ya pili tulipanda Amager Bakke, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu picha zake kila mtu amekwisha kuziona: kiwanda cha kuchoma taka, kazi ya BIG, kilichoanza kuchoma mwaka 2017, na juu ya paa lake mteremko wa ski, wa watu kuteleza kama kwenye theluji, wa plastiki ya kijani, uliofunguliwa 2019. Joto la tanuri linakwenda kwenye mabomba ya maji moto yanayopasha nyumba za jiji. Tulipanda kwa miguu hadi juu, mita 85, na upepo ukatupokea huko kwa mikono miwili. Juu unaiona ile mitambo 20 ya umeme wa upepo ya Middelgrunden imepanga safu baharini. Ni mahali pazuri, sikatai. Wazazi walikuwa na watoto wao, wanacheka. Ila tanuri kubwa linataka taka nyingi, na huo ni ugomvi ambao Wadenishi wenyewe hawajaumaliza. Tena miezi michache kabla, Agosti 2022, jiji lilikuwa limekubali kwamba halitafikia ahadi yake ya kufuta hewa ukaa ifikapo 2025, kwa kuwa mpango wa kuinasa hewa hiyo kwenye kiwanda hiki hiki ulikosa fedha za serikali. Mwalimu alilisema hilo akiwa amesimama kwenye plastiki ya kijani, na hakulificha.

Nordhavn, bandari ya zamani, tulipita haraka. Tuliona The Silo, ghala la nafaka la zege ambalo ofisi ya Cobe ililigeuza kuwa nyumba za kuishi mwaka 2017 kwa kulivisha koti la chuma kwa nje na kuliacha zege lake la ndani lilivyo. Tuliona shule ya kimataifa iliyofunikwa paneli za jua kama 12,000. Dada wa Nakuru akauliza kodi ya chumba. Alipojibiwa, akafunga daftari.

Jioni ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Tulikwenda Nørrebro, kwenye mgahawa mmoja wa shawarma wa mtaa wa Nørrebrogade, na nusu ya darasa wakaamua kusubiri pamoja nami. Saa kumi na mbili na nusu adhana ikalia kwenye simu ya mwenye mgahawa. Nikagawa tende. Mwalimu naye alichukua moja, akauliza kama anaruhusiwa.

Mazungumzo yakarudi kwenye ukuta. Mjerumani mmoja alisema ndiyo jengo bora aliloliona maishani. Dada wa Nakuru akaweka chini kipande chake cha mkate.

"Mimi naliheshimu," akasema, "lakini msiseme ni jambo jipya. Kwetu ukibomoa nyumba, jioni kiwanja ni kitupu. Mabati yameuzwa, milango imeuzwa, mbao zimeuzwa. Watoto wananyoosha misumari iliyopinda kwa jiwe. Hakuna anayetuita kutoa mhadhara."

"Lakini hiyo ni kwa sababu ya umaskini," Mjerumani akasema.

"Na hii ni kwa sababu gani? Kwa sababu ya sheria. Ikiondolewa sheria mtaukata ukuta kwa msumeno?"

Kimya. Mwalimu alikuwa akitafuna tende polepole. Mwisho akasema kwamba swali la bei alilikwepa safari nzima kwa sababu hana jibu: mikono ya watu Denmark ni ghali, tofali jipya ni rahisi, na kila tofali la zamani linalorudi ukutani limeshikiliwa na mtu anayekubali kupata hasara kidogo au anayelazimishwa na kanuni. Nilimheshimu zaidi kwa maneno yale kuliko kwa mihadhara yake yote ya muhula.

Usiku nilimpigia baba. Nilikuwa nimemtumia picha, na kwao ilikuwa saa nne, ametoka tarawehe.

"Assalaam aleikum, baba. Umeiona?"

"Waaleikum salaam. Nimeiona. Wamekata ukuta kwa msumeno?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini wasigonge wakatoa tofali moja moja?"

"Saruji, baba. Linavunjika tofali kabla ya kiungio."

Akanyamaza. Nikasikia mtu anapita na baiskeli uchochoroni kwetu.

"Huyo fundi alijenga kama nyumba haitokufa," akasema. Kisha akataka kujua hao wenye chokaa, chokaa yao wanaiacha kwenye maji kwa muda gani kabla ya kuitumia. Nikamwambia nitauliza.

Niliuliza kweli, tuliporudi Lund na kila mmoja akatakiwa kueleza jengo alilolichagua. Mwalimu hakujua. Akanipa chaki, akasema basi eleza wewe. Nikachora ukuta wa Mji Mkongwe kana kwamba umekatwa katikati: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu katikati, lipu ya chokaa nje, boriti za mikoko juu, ambazo urefu wake ndio unaoamua upana wa chumba. Pembeni nikachora ule mraba wa Carlsberg. Nikawaeleza tanuu la chokaa, mawe juu ya magogo, moto, kisha maji, kisha subira, na kwamba kadiri chokaa inavyokaa ndani ya maji ndivyo inavyokuwa laini na tamu kwa mwiko. Kipindi kikazidi muda wake. Mjerumani ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Mwalimu aliniita baadaye akaniambia tasnifu yangu iwe juu ya chokaa. Nilikataa. Nilikuwa nimekwenda Uswidi kusoma ujenzi wa mbao, na chokaa ninaye mwalimu wake nyumbani asiyelipisha ada. Nikaandika juu ya mbao, kama nilivyokusudia. Ila sura ya tatu, ile ya viungio, niliiandika upya yote: palipokuwa na gundi nikaweka skrubu na bolti, na kwa kila kiungio nikaeleza kitafunguliwaje na nani, kwa chombo gani. Dada wa Nakuru alinifanyia hesabu ya gharama. Skrubu zilikuwa ghali zaidi, na aliniambia niiache namba ile kwenye jedwali ilivyo, nisiifiche kwenye tanbihi.