Siga za Kuba kwenye joto la Dar: nilivyozihifadhi zikabaki na ladha yake

Ushauri mwingi wa kutunza siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono, unawafaa watu wa nchi za baridi kavu. Wao wanahangaika kuongeza unyevu. Mimi niko Dar es Salaam, na hapa kazi ni kuupunguza. Masika hewa ya chumbani inapita asilimia 80, wakati siga ya Kuba hunipendeza ikikaa kwenye 65 hivi.

Jani la tumbaku hufyonza maji ya hewani na kuyaachia mpaka lilingane na hewa iliyolizunguka. Wakulima wa Urambo wanalijua hilo bila kipimo: jani lililotoka kukaushwa banini, yaani kwenye kibanda cha kukaushia tumbaku, linavunjika ukiligusa, kwa hiyo huachwa linyonye unyevu kidogo kabla ya kupangwa madaraja.

Nilitaka ulimi wangu uamue. Nilichukua siga mbili za Kuba, aina ya Partagás Serie D No. 4, za sanduku moja, moja nikaiacha rafuni masika, nyingine nikaihifadhi. Ya rafuni ilivimba ikawa laini kama ndizi iliyoiva. Kuivuta ilikuwa kazi, maana jani likivimba linaziba njia ya hewa. Moto ulikula upande mmoja, ukazimika, na nilipowasha tena moshi ulikuja mzito, mchungu, na uchachu ukabaki kwenye fizi. Ile iliyohifadhiwa ilinipa udongo, kahawa, pilipili kidogo puani, kisha utamu wa mbao. Tofauti yake ilikuwa maji tu.

Ukavu nao unaharibu. Chumba chenye kiyoyozi muda wote hukausha siga iliyo wazi: inaungua haraka, moshi unakuwa wa moto na mkali, jani la nje linapasuka. Mafuta yanayobeba harufu yakishapotea, hata ukiirudishia unyevu hayarudi.

Ninatumia deli la plastiki lenye mfuniko unaobana. Ndani nimepanga vipande vya sedrela, mbao ileile ya masanduku ya siga, ambayo ni jamaa ya mkangazi. Mti wa sedrela uliletwa kwetu kwa ajili ya mbao, na sasa unaenea wenyewe kwenye msitu wa Kimboza, Morogoro. Hakikisha mbao imekauka sawasawa, la sivyo itatoa utomvu. Juu yake naweka vifuko vya kurekebisha unyevu vya asilimia 65, vinavyotoa maji hewa ikikauka na kuyanyonya yakizidi. Masika vinajaa upesi, kwa hiyo akiba haikosekani.

Kipimaunyevu usikiamini kabla ya kukijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe tope zito, isiyeyuke yote. Ifungie pamoja na kipimo kwenye kopo lisilopitisha hewa mpaka kesho yake. Hewa humo hutulia kwenye asilimia 75. Changu kilisoma 79, basi kila ninachokisoma natoa 4.

Joto ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ya fukusi wa tumbaku. Mayai yake huweza kuwemo ndani ya jani, na joto likizidi nyuzi 24 au 25 hatari ya kuanguliwa inapanda. Akitoka anaacha kitundu cha duara, safi kabisa, na siga haivutiki tena vizuri. Siga mpya nazifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa, nazigandisha kwenye friza siku tatu, nazihamishia sehemu ya kawaida ya friji siku moja, ndipo ziingie kwenye deli. Deli lenyewe liko chumba cha kulala: kiyoyozi cha usiku kinalipoza, na kuta zake nene zinatunza ubaridi mchana.

Baada ya hapo naziacha. Siga changa ina harufu ya amonia inayochoma pua, na hiyo inaondoka kwa muda tu. Chini ya sanduku la Kuba kuna mhuri wa mwezi na mwaka wa kufungashwa. Nausoma kwanza, na la mwaka huu nalisukuma chini kabisa ya mengine.