Nilivyojifunza huduma ya kwanza kwenye karakana ya kuchomelea

Kama kuna kitu kinachoniudhi hadi leo ni mtu kukimbilia dawa ya meno mwenzake anapoungua. Kwenye karakana yetu ya mageti na madirisha hapa Vingunguti, Dar es Salaam, nimekuta tiba za kila aina: ute wa yai na dawa ya meno kwa aliyeungua, mafuta ya taa au unga wa kahawa kwa aliyekatwa na bati, maziwa kwa aliyevuta moshi wa kuchomelea, na sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu kwa aliyeingiwa na chenga ya chuma jichoni. Wanaotoa ushauri huo ni mafundi hodari, tena wenye roho nzuri, na ndiyo maana vijana wanawasikiliza.

Mimi ni mtunza stoo. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, walipopita na kumkumbusha bosi kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka pawepo kisanduku cha huduma ya kwanza, bosi akasema, "Dada wa stoo aende akasome, funguo zote si anazo yeye." Nikaenda. Ada alilipa yeye. Haikuwa ndogo, ila haikufika bei ya geti moja la kawaida.

Mafunzo yenyewe ukienda utayakuta. Kubana kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama kunachosha kuliko watu wanavyodhani: kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mkufunzi alikuwa anatubadilisha kila baada ya dakika 2 kwa sababu mikono ikilegea, damu haifiki kichwani. Lakini lililoniingia zaidi ni la moto. Aliyeungua apozwe kwa maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Si barafu, wala si kuchovya mkono na kutoa. Mkufunzi alifungua bomba tu, yakatoka. Kwetu maji ni ya mgao, na siku yakitoka yanatoka usiku.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Kwanza nilitengeneza kibuyu chirizi, kama vile vya shuleni: dumu, kamba, na kijiti cha kukanyaga chini. Kwa kunawa ni kitu kizuri sana. Kwa kuungua hakikufaa kabisa. Maji yalikuja kwa mafungu, lazima mtu asimame akikanyaga muda wote, na dumu lenyewe ni dogo. Nikachukua dumu kubwa nikalitoboa kwa msumari wa inchi 4. Likaisha kabla hata sijamaliza kuangalia saa.

Kisha nikakumbuka kuna ndoo yenye koki imelala stoo tangu 2020, wakati wa korona, ilipokuwa kila mlango una ndoo ya kunawia. Ni ya lita 20. Ukitaka lita 20 zidumu dakika 20, koki itoe lita moja kwa dakika. Nikachukua chupa tupu ya maji ya lita moja, nikaiweka chini ya koki, simu mkononi, nikawa nazungusha kidogo kidogo hadi chupa ikajaa dakika moja ilipotimia. Pale koki iliposimama nikapiga alama ya rangi nyekundu, ile ya kwenye mageti. Tena uzuri wake ni kwamba maji yanavyopungua ndani ya ndoo kasi nayo inashuka, kwa hiyo dakika 20 zinavuka. Fundi mmoja akanichomelea stendi ya vyuma chakavu yenye kiegemeo cha mkono. Maji nabadilisha mwenyewe na kifuniko hakitoki.

Haukupita muda mrefu, kijana mmoja anayejifunza kazi akashika bomba lililotoka kuchomelewa. Kiganja chote na sehemu ya mkono. Mama ntilie wa jirani akaja mbio na dawa ya meno, fundi mkuu akaniambia, "Dada, maji yatamletea malengelenge." Nikamjibu, "Fundi, shikamoo, lakini huyu niachie." Nikamvua saa na pete kabla mkono haujavimba, nikafungua koki hadi kwenye alama, akaegemeza mkono. Dakika za mwanzo alilia. Baadaye akawa anaongea, anauliza kama bosi amekasirika. Malengelenge mawili yalitokea, nikamkataza mtu yeyote kuyatumbua. Nikamfunika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, bila kukaza, akaenda zahanati. Muuguzi akakuta kidonda kisafi, hana dawa ya meno ya kukwangua. Leo anashika mashine kwa mkono ule ule.

Fundi mkuu hakusema kitu, ila siku hizi ndoo ikipungua yeye ndiye anayeniita.

Suala la macho lilikuwa gumu zaidi, maana sumaku ina wapenzi wake. Niliwaambia hivi: vumbi linaloelea lisukumwe kwa maji safi, lakini chenga iliyochoma jicho haiguswi kwa sumaku, kwa kijiti cha kiberiti wala kwa ncha ya kanga. Kata kitako cha kikombe cha plastiki, funika jicho kwa kitako hicho bila kuligandamiza, bandika kwa plasta, mpeleke kwa daktari wa macho. Vikombe viwili vilivyokatwa tayari, kingo nimezilainisha, vimo kisandukuni. Na miwani ya grenda, ile mashine ya kukatia na kusagia chuma, nagawa asubuhi pamoja na diski. Asiyechukua miwani hapati diski.

Umeme nao. Mtu akinaswa, usimshike, zima swichi kubwa kwanza. Ya kwetu ilikuwa imefichwa na rundo la mabati. Niliyahamishia nyuma, nikapaka fremu yake nyekundu. Gharama yake ni jasho la vijana wawili na soda.

Kisanduku hakifungwi kwa ufunguo, hata kama glavu na bandeji zinaibiwa, na zinaibiwa kweli. Nanunua nyingine, ni za bei rahisi. Juu yake nimebandika namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na chini yake namba za madereva wawili wa bajaji wanaoegesha hapo kona, kwa sababu kwa foleni za Barabara ya Nyerere mara nyingi wao ndio wanaotufikisha hospitali. Nilikaa nao, nikawaonyesha mlango wa kuingilia, na bosi amekubali kwamba safari hizo zinalipwa na karakana bila kuulizana.